Fanesi haiwaki: maswali ya wasomaji wetu wa nchi za baridi

Tangu baridi ianze, barua nyingi zinazotufikia kutoka Marekani na Kanada ni za jambo moja: fanesi, ile hita kubwa ya gesi inayokaa besimenti au kwenye kistoo na kupuliza joto nyumba nzima. Aliyekulia Mombasa, Bukavu au Mwanza hakuikuta kwao, na mafundi wa huko humtoza pesa nyingi kwa kazi ambayo mara nyingine ni ya dakika 20. Tumechagua barua saba, zote kuhusu uwashaji.

SWALI: Fanesi yangu inawaka vizuri, naona moto wa buluu, halafu baada ya sekunde chache inazima. Inarudia mara tatu kisha inanyamaza kabisa. Nikizima umeme na kuwasha, mchezo ni uleule. Nimeambiwa ninunue bodi mpya. Ni kweli? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Usinunue bodi (saketi inayoendesha fanesi) bado. Moto unaowaka na kuzima ndani ya sekunde chache mara nyingi maana yake ni kwamba bodi haijaona moto, hata kama wewe unauona kwa macho.

Fanesi ya kisasa hufuata mpangilio usiobadilika, na kila hatua husubiri iliyotangulia ithibitike. Themostati, kile kidhibiti joto cha ukutani, inaomba joto. Feni ndogo ya kutolea moshi inazunguka. Swichi ya presha inathibitisha kwamba moshi una njia ya kutoka. Kiwashio kinakolea wekundu kwa sekunde 15 hadi 30 au zaidi kidogo. Valvu ya gesi inafunguka, moto unashika. Kuanzia hapo bodi hutoa sekunde chache tu ipate ishara ya moto, na isipoipata hufunga gesi. Ikikosa mara tatu hujifunga, kwa fanesi nyingi kwa saa moja, ndipo ijaribu tena. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni: imesimama kwenye hatua ipi, na ilikuwa inasubiri nini?

Yako inasubiri ishara kutoka kwa kihisi cha moto. Hiki ni kijiti cha chuma, chembamba kama waya wa hanga ya nguo, chenye kishikio cha kauri nyeupe, kilichochomekwa kwenye njia ya moto upande wa mbali na kiwashio. Bodi hupeleka umeme kwenye kijiti hicho. Moto wenyewe hupitisha umeme kidogo hadi kwenye kichomeo, ambacho kimeunganishwa na athi (waya wa ardhini). Kwa kuwa kichomeo ni kikubwa kuliko kijiti, umeme hupita zaidi upande mmoja, na bodi husoma mkondo mdogo wa DC. Ni mdogo kweli: maikroampea 2 hadi 6 kwa fanesi nyingi. Ukishuka chini ya 1 matatizo yanaanza, na bodi nyingi hukata karibu na 0.5. Utando mweupe au wa kijivu kwenye kijiti, hata ule usioonekana vizuri, unatosha kuzuia umeme huo. Vumbi la ukarabati wa kuta na mvuke wa sabuni za kufulia huuharakisha, hasa mashine ya kufulia ikikaa chumba kimoja na fanesi.

Kabla ya kuzima chochote, chungulia kioo kidogo kwenye mlango wa chini uhesabu taa ya bodi inavyomemeta. Maana ya kila mmemeto imebandikwa ndani ya mlango. Ukizima umeme kwanza, bodi nyingine husahau kosa lenyewe.

Kisha zima swichi ya fanesi (inafanana na swichi ya taa, iko ukutani au ubavuni mwa fanesi) na geuza koki ya gesi hadi mpini ukae msalaba na bomba. Kijiti hushikwa na skrubu moja, kwa kawaida ya kichwa cha pembe sita cha robo inchi. Chomoa waya wake, kitoe, sugua chuma chake pande zote kwa stiliwaya laini isiyo na sabuni hadi king'ae, kisha kifute kwa kitambaa safi kikavu. Msasa mkali tusingeushauri: unaacha mikwaruzo ambamo utando mpya hujijenga haraka. Kauri usiibane, ikipata ufa umeme unavujia hapo. Rudisha, washa gesi, washa umeme.

Ikiendelea kuzima, ndipo multimita (kipimio cha umeme) inahitajika. Iweke kwenye maikroampea za DC, katikati ya kijiti na waya wake, ili mkondo upite ndani yake. Ukisoma 3 au zaidi na moto bado unakatwa, sasa bodi inashukiwa. Ukisoma chini ya 1 huku kijiti ni kisafi, tafuta athi: skrubu ya waya wa athi iliyolegea, kutu chini ya vichomeo, au waya wa kihisi uliochubuka na kugusa bati. Angalia pia kama fundi wa umeme aligeuza nyaya. Pima kati ya nyutro na athi: isomeke karibu na sifuri. Ukikuta volti 120 hapo, waya zimebadilishana, na bodi nyingi zikiwa hivyo hazioni moto kabisa.

SWALI: Nyumba tuliyonunua ni ya zamani na fanesi ina moto mdogo unaowaka muda wote. Unazimika. Wiki nyingine kila siku, wiki nyingine haupo kabisa asubuhi. Nibadilishe nini? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

JIBU: Hiyo ni pailoti. Zilibaki chache baada ya Januari 1992, kiwango cha ufanisi cha asilimia 78 kilipoanza kutumika Marekani. Pailoti inayokula gesi usiku na mchana ni mzigo kwa kiwango kama hicho. Yako inaweza kuwa na miaka zaidi ya 30, lakini mfumo wake ni rahisi kuliko wowote uliofuata.

Ukiwahi kutumia jiko la gesi lenye oveni ambalo lazima ukandamize kitasa sekunde kadhaa baada ya kuwasha, basi kifaa hiki unakijua. Ni themokapo: ncha ya shaba au chuma inayokaa ndani ya moto na kuzalisha umeme mdogo, milivolti 25 hadi 30 hivi. Umeme huo hushikilia sumaku ndani ya valvu. Moto ukizimika, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inafungwa. Bila hicho gesi ingejaa nyumbani.

Hujatuambia inazimika lini hasa, na jibu zima linategemea hilo.

Ikizimika *pale unapoachia kitasa*, themokapo haitoi umeme wa kutosha. Tazama kwanza moto wenyewe: uwe wa buluu, umetulia, na uzungushe sentimeta 1 hadi 1.3 ya mwisho ya ncha. Ukipita pembeni, themokapo mpya haitakusaidia. Moto ukiwa sawa, kaza nati ya themokapo pale inapoingia kwenye valvu, kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Usizidishe: kuna kihami kidogo ndani ambacho ukikiminya umeiua. Ukiwa na multimita, fungua nati hiyo, mtu mwingine akandamize kitasa moto ukiwaka, na upime kati ya mrija wa shaba na kidoto cha mwisho wake. Milivolti 25 na kuendelea ni nzuri. Ikiwa chini ya 18 baada ya dakika moja, ibadilishe. Ikisoma vizuri na valvu bado haishiki, sumaku ya valvu imekufa, na kubadilisha valvu ni kazi ya fundi mwenye leseni. Themokapo ni ya bei ndogo na huuzwa kwa urefu: inchi 18, 24, 30, 36. Nunua inayofika bila kuvutwa, na inayozidi izungushe kwa duara kubwa. Mrija ukikunjwa kona kali umeharibika.

Ikizimika *baada ya saa nyingi*, themokapo huenda haina kosa. Mtazame moto kwa dakika tano nzima. Ukiwa wa manjano na mlegevu, nozeli ya pailoti imeziba nusu kwa vumbi, kutu au utando wa buibui. Ukitikisika bila sababu, kuna upepo: unaoshuka kwenye dohani, au hewa inayovutwa na mashine ya kukaushia nguo iliyo chumba kimoja. Jaribu kuwasha mashine hiyo huku mlango wa chumba umefungwa, uone moto unavyoelekea. Nozeli ichomoe, iloweke kwenye spiriti, ipulize kwa hewa ya kopo. Sindano usiitie kamwe. Tundu likipanuka kidogo tu, moto umebadilika na nozeli ni ya kutupa. Unapofungua mrija wa pailoti tumia spana mbili, moja ishike valvu isigeuke. Ukirudisha, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo huku gesi ikipita. Kinachotoa mapovu kinavuja.

Nguvu ya moto hurekebishwa kwa skrubu ndogo iliyofichwa chini ya kifuniko kwenye valvu. Kugeuza kulia kunapunguza.

Kuwasha upya: geuza kitasa hadi OFF, subiri dakika 5 gesi itawanyike, unuse hadi karibu na sakafu. Hakuna harufu? Geuza hadi PILOT, kandamiza, washa, endelea kukandamiza kwa dakika nzima, achia, kisha ON. Kuna harufu? Usiguse swichi, usipige simu ukiwa ndani. Toka na wenzako, na upige 911 au kampuni ya gesi ukiwa nje. Kitasa kigeuzwe kwa mkono tu. Kikikataa, koleo si jibu. Na kama besimenti iliwahi kufurika hadi maji yakafunika valvu, valvu hiyo haitumiki tena hata ikikauka na kuonekana nzima.

SWALI: Kiwashio kimekatika mara ya pili ndani ya miaka miwili. Ni vya bei rahisi navyonunua, au kuna kitu? (Msomaji, Des Moines, Iowa)

JIBU: Vyote viwili vinawezekana. Kiwashio cha kijivu chenye umbo la M au mzunguko kimetengenezwa kwa silikoni kabidi, na kinavunjika kirahisi mno. Kikiwa kizima na baridi husoma ukinzani wa omu 40 hadi 90 hivi. Mita isiposoma chochote kimekatika, mara nyingi kwa ufa ambao utauona kama mstari mwembamba au doa jeupe. Kile chembamba kama kijiti, cha silikoni naitridi, ni kigumu zaidi na usomaji wake ni mdogo, hutegemea modeli. Kama kuna mbadala wa naitridi unaokubalika kwa fanesi yako, lipia tofauti hiyo. Angalia volti tu: vingi ni vya 120, ila vipo vya 80, na havibadilishani.

Kukatika mapema kuna sababu zake. Ya kwanza ni vidole. Mafuta ya ngozi huungua juu ya silikoni kabidi na kuacha sehemu inayopata joto kupita nyingine, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Shika kauri tu. Ya pili, na tunadhani ndiyo yako, ni fanesi inayowaka na kuzima kila dakika chache. Filta ikiziba, hewa haipiti, chemba ya joto inachemka, swichi ya joto inazima moto, inapoa, inaanza tena. Kiwashio kinachopaswa kuwaka mara tatu kwa saa kinawaka mara kumi. Filta ya inchi 1 ibadilishwe kila mwezi hadi miezi mitatu, kutegemea vumbi, zulia na wingi wa watu. Baada ya hapo pima umeme wa ukutani (ukizidi sana 120 unakula kiwashio), na uangalie kama kuna maji yanayodondokea hapo.

Kabla ya kununua cha tatu, pima kwenye plagi ya kiwashio wakati wake wa kuwaka: kukiwa na volti 120 na hakikolei, ni chenyewe. Volti zisipofika, tatizo liko nyuma, kwenye bodi au hatua iliyotangulia.

SWALI: Baada ya theluji ya juzi, feni ndogo inazunguka bila kukoma lakini hakuna moto wala kiwashio hakiwaki. (Msomaji, Winnipeg, Kanada)

JIBU: Toka nje uangalie mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotoka ukutani. Moja huvuta hewa, lingine hutoa moshi. Theluji au barafu ikiziba mojawapo, swichi ya presha haifungi, na bodi husubiri hapo hapo. Ondoa theluji kwa mkono, barafu ya mdomoni ivunje taratibu. Midomo ya mabomba inapaswa kuwa juu ya kimo cha theluji ya kawaida ya kwenu kwa angalau sentimeta 30. Kama iko chini, iongezwe urefu kabla ya dhoruba ijayo.

Mabomba yakiwa wazi, sikiliza feni. Mlio wa maji yanayokorota ndani yake ni maji ya mvuke yaliyokosa njia. Fanesi za aina hii hutoa maji mengi, na hupitia kwenye mtego mdogo wa plastiki unaojaa ute. Ufungue, uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uujaze maji kidogo, uurudishe. Bomba la maji likipita sehemu yenye baridi huganda. Kisha kagua kibomba cha mpira kinachoenda kwenye swichi: ufa mdogo kwenye ncha unatosha, na mara nyingi kukata sentimeta moja iliyochakaa na kukichomeka tena kunamaliza kazi. Usikipulize kwa mdomo kikiwa kwenye swichi, utapasua utando wa ndani.

SWALI: Nimepata fanesi nzuri ya mtumba. Nyumba yangu inatumia propani ya tangi, hiyo ilikuwa ya gesi ya bomba. Inaingiliana? (Msomaji, Kansas vijijini)

JIBU: Bila kubadilishwa, hapana. Futi moja ya ujazo ya propani ina joto karibu mara mbili na nusu ya gesi ya bomba, na presha kwenye vichomeo hutofautiana: inchi 3.5 za maji kwa gesi ya bomba, 10 hadi 11 kwa propani. Ukiunganisha hivyo hivyo utapata moto mkubwa wa manjano, masizi, na kaboni monoksidi. Mtengenezaji huuza seti ya kubadilishia ya modeli husika: nozeli za vichomeo, springi ya valvu, nozeli ya pailoti kama ipo, na kibandiko cha kutangaza kwamba imebadilishwa. Presha lazima ipimwe kwa manomita (kipima presha ya gesi) baada ya kufunga. Kama seti ya modeli hiyo haipatikani tena, iache hiyo fanesi.

SWALI: Rafiki amenionyesha swichi ndogo yenye kitufe chekundu karibu na moto. Inakatika kila wiki. Anasema tuunganishe waya zake moja kwa moja. (Msomaji, Dayton, Ohio)

JIBU: Msifanye hivyo. Hiyo hukatika moto unapotoka mbele ya vichomeo badala ya kuingia ndani. Kitufe kimewekwa cha kubonyeza kwa mkono makusudi, ili mtu aje atazame. Sababu za kawaida ni dohani iliyozibwa (kiota cha ndege, tofali lililoanguka), chemba ya joto iliyojaa masizi, au chemba iliyopasuka. Zima fanesi, fundi aikague chemba leo.

Wakati mnasubiri, jiko la mkaa lisiingie ndani, hata dirisha likiwa wazi. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme jimbo la Washington, na wengi waliopata sumu ya kaboni monoksidi walikuwa familia za wahamiaji waliowasha mkaa ndani ya nyumba. Gesi hiyo haina harufu. King'ora chake kiwe nje ya vyumba vya kulala na kila ghorofa. Tazama tarehe nyuma yake, kwani huisha muda baada ya miaka 5 hadi 10. Usishangae kikichelewa: kwa viwango vya Marekani, gesi hiyo ikiwa sehemu 70 kwa kila milioni ya hewa kinaruhusiwa kusubiri saa moja hadi nne kabla ya kulia, ila kwenye 400 ni ndani ya dakika 4 hadi 15. Kikilia, tokeni wote.

SWALI: Mimi ni mpangaji. Fanesi imejifunga tangu jana na mwenye nyumba hapokei simu. Nifungue mwenyewe? (Msomaji, Brooklyn Park, Minnesota)

JIBU: Fanya yasiyohitaji bisibisi: betri za themostati, filta, swichi ya fanesi, breka, na mlango wa chini uwe umekaa vizuri, kwa sababu nyuma yake kuna swichi inayokata umeme wote mlango ukilegea. Piga picha ya taa ya bodi ikimemeta. Zaidi ya hapo si mali yako, na kosa lolote litaandikwa kwa jina lako.

Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba anayedhibiti joto kutoa angalau nyuzi 68 za Fahrenheit, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mwandikie leo kwa maandishi, ujumbe wa simu unatosha kama una tarehe, ukitaja nyuzi ulizosoma na saa. Pima chumbani na upige picha ya kipimajoto. Asiposhughulika, jimbo lina shauri la dharura la mpangaji ambalo mahakama ya kaunti hulisikiliza kwa haraka. Kabla ya kulifungua unatakiwa umjulishe kwamba unakwenda mahakamani, angalau saa 24 kabla, kwa hiyo weka neno hilo kwenye ujumbe wako wa leo.